Pipa la Dawa ya Pamba

Mwanangu, sogea. Habari hii hata marehemu mume wangu sikuweza kumsimulia mara ya pili.

Nakumbuka asubuhi moja kule Mutarule, wakati Wabelgiji wanatulazimisha kulima pamba. Nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, na kichwa kigumu, lo! Kando ya shamba kulikuwa na pipa tupu la dawa ya kuua wadudu. Moniteri, yule msimamizi wa shamba, alitukataza kuligusa. Lakini miye nililitaka la kulowekea mihogo nyumbani, maana tuliyoloweka mtoni ilikuwa inaibwa. Nikalibeba, nikapanda nalo mtoni juu kabisa ili wasinione, nikalisuuza.

Maji yakageuka meupe. Punde samaki wadogo wakaelea, tumbo juu. Moyo ukanilipuka! Huko chini ndiko tulikoteka maji ya kunywa, na wifi yangu Nabintu alikuwa ametangulia na mtungi, mwanawe mgongoni. Ningepiga kelele palepale angesikia. Lakini niliogopa kuitwa mwizi mbele ya wakwe. Nikalificha pipa kwanza kwenye matete. Ndipo nikakimbia.

Nilimkuta ameinama, anamnywesha mtoto kwa kiganja. Pale maji yalionekana safi kabisa.

"Mwaga, Nabintu! Iko sumu!"

"Sumu gani? Mutoto ameisha kunywa!"

Tulimbeba mbio kuelekea zahanati ya mapadri. Njiani alitapika, akatetemeka, macho yakamgeuka. Nilikuwa nyuma yao nikimwomba Mungu achukue roho yangu. Mtoto akakata roho hatujafika.

Nilikiri yote. Mama mkwe hakunipiga. Aliniangalia tu, akauliza: "Weye, ulitanguliza nini? Pipa ao muntu?"

Naye Nabintu aliniita wifi mpaka anakufa, jambo lililoniumiza kuliko matusi.

Sasa nakuona unamwaga mafuta machafu ya mota ya boti lako ziwani, unacheka eti ziwa ni kubwa. Acha! Kuna mama anateka pale. Usimwage sumu majini, mwanangu, wala usioshee humo chombo chake. Na siku ukikosea, piga kelele kwanza. Aibu utaibeba baadaye. Mungu akulinde, awalinde na wale wanaokunywa baada yako. Haya, nenda ukawaambie wenzako kule ufukweni, sasa hivi.