Viti Visivyokaliwa

Nikisikia harufu ya nta ya sakafu, natamani kutoka nje. Ndiyo iliyotupokea, mimi na wazazi wangu, kwenye mlango wa nyumba ya kale katika mtaa wa Berea, Desemba ile nilipokuwa na miaka tisa na joto la Durban likitugandia mwilini. Nyumba ilitunzwa na chama cha wapenda historia, na kila Krismasi waliifungua ili watu waione. Sisi hatukujua hivyo. Tulitoka Bukavu, Kongo, tulikaa chumba kimoja katikati ya mji, kitanda changu kikitengwa na cha wazazi kwa pazia, na tangu tufike hakuna mwenyeji aliyewahi kutuambia karibuni kwangu. Mama alisuka nywele saluni. Mteja wake, bibi wa Kizungu aliyekuwa akimleta mtoto wake wa kulea kusukwa, alimwambia: njooni Jumamosi, wote, nyumba itakuwa wazi, tutakula keki. Mama alirudi nyumbani akiimba.

Kwetu ukiitwa nyumbani kwa mtu huendi mikono mitupu. Mama alidamka akatwanga sombe, majani ya muhogo, akaiunga kwa mawese na samaki wakavu, na majirani wote wakajua tumealikwa. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Akaniomba maneno ya Kiingereza ya kumshukuru mwenye nyumba. Kila jioni aliniuliza mawili matatu, maana alikusudia kuongea na watu wa hapa bila mkalimani. Baba, mlinzi wa ghala huko Mobeni, ambaye mji ulishamchosha, alifunua sufuria akanusa.

“Huku watu hawaitani hivyo, Mama Neema.”

“Bon, alisema sisi wote,” mama akajibu. “Iko fête, sherehe kabisa. Vaa koti.”

Alivaa. Tukapanda taksi, zile basi ndogo za Durban, sufuria mapajani mwa mama, abiria wakifungua madirisha kwa ile harufu ya samaki. Mimi nilijivuna.

Ndani watu walipita polepole na vikombe mkononi, wakitazama kuta. Mama alisimama na sufuria yake akimtafuta mwenye nyumba. Nilimwuliza kijana wa mlangoni, akacheka: mwenyewe alikufa zamani sana. Nilipomwambia mama, aliniambia nikaulize vizuri. Kisha yule mteja wake akaja, akafurahi kweli kutuona, hilo simnyimi, lakini chakula hakikuruhusiwa ndani, kingeleta wadudu kwenye mbao. Sufuria ikachukuliwa, ikawekwa barazani kando ya miavuli. Jikoni tulikuta mkate wa bandia, wa plasta, na jiko lisilo na moto. Mama alikuwa amechoka. Akaingia sebuleni, akainua kamba iliyovizunguka viti, akaketi, kama mgeni yeyote anavyoketi. Watu wakageuka kumtazama. Yule bibi akainama, akaniomba kwa upole nimweleze mama kwamba viti hivyo havikaliwi na mtu.

“Muulize, sasa wageni wanakaa wapi?” mama akasema.

Nikauliza. Bibi akaonyesha bustanini, kwenye mabenchi na meza ya keki. Baba alikuwa ameshatoka kuchukua sufuria.

Hatukukaa kwenye mabenchi. Njiani mama hakulia, na heri angelia. Nyumbani aliwapakulia majirani sombe, wakamwuliza sherehe ilikuwaje, akasema nzuri. Jioni nilisubiri aniulize neno la Kiingereza. Hakuuliza siku ile wala siku nyingine yoyote. Leo ana mvi na bado anasuka. Akija mteja asiyejua Kiswahili, humwita msichana mwingine aongee naye. Mimi naongea Kiingereza na Kizulu, nafanya kazi katika ofisi ya meli bandarini, na wenzangu wananipenda. Ijumaa tunaagana, sharp, tutaonana Jumatatu, kila mtu anakwenda kwake. Kila Desemba tangazo la nyumba ile hutundikwa tena: karibuni nyote. Nikilisoma napandwa na hasira. Nimekulia mji huu, nimekuwa mtu mzima humu, na nyumba ya mwenyeji niliyowahi kualikwa ni ile moja tu, ya marehemu.