Bega au Mgongo

Siku hizi kipa akiguswa kidogo tu hewani, filimbi inalia, na wajukuu wangu wanadhani mambo yamekuwa hivyo tangu mpira uanze kuchezwa. Enzi zetu kipa aliyeshika mpira alikuwa mtu wa kusukumwa. Ukimkuta ameukumbatia, ulimpiga bega, akaingia nao golini, na likawa goli halali. Nikiwaambia hawaamini. Nikiongeza kwamba jambo hilo lilitushughulisha watu wa Githongo karibu msimu mzima wa kahawa, tena katikati ya Hali ya Hatari ya wakati wa Mau Mau, wanatazamana na kutabasamu.

Nilikuwa mwalimu, mwaka wangu wa kwanza kazini. Timu yetu ilikuwa ya walimu, makarani wa faktori ya kahawa, na vijana wachache ambao pasi zao za kutembelea, zile za serikali, hazikuwa na doa. Mechi ninayoisema ilikuwa dhidi ya Kanja, kutoka Embu. Kibali chao cha kusafiri kilichukua wiki nyingi kupatikana, na kilikuja na masharti: walale shuleni, mechi ianze saa nane mchana, na saa kumi watu wawe wametawanyika. Homugadi wawili, walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, wangesimama na bunduki kando ya uwanja kuhakikisha hivyo.

Refarii alikuwa dereva wa lori, Mwislamu wa mjini Meru, mtu wa makamo, mrefu, mkimya, aliyekuja kila Jumatano kuchukua magunia ya kahawa yetu. Tulimchagua kwa kuwa hakuwa Mwimenti kama sisi wala Mwembu kama wao, na kwa kuwa alikuwa na filimbi yake mwenyewe na aliijua kazi. Tatizo ni kwamba wachezaji wa Kanja walikuja kwa lori lake. Hapakuwa na gari lingine lenye ruhusa ya njia ile.

Zikiwa zimebaki dakika chache, tulikuwa sare, bao moja kwa moja. Winga wao akapiga mpira wa juu. Kipa wetu, karani wa faktori, akaruka akaudaka vizuri kabisa, akatua. Kabla hajautoa, mshambuliaji wao, jamaa mmoja mnene aliyefanya kazi katika zahanati, akamfikia kama ng'ombe aliyekata kamba. Kipa na mpira wakavuka mstari pamoja. Refarii akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Goli.

Tulipiga kelele mpaka ndege wakatoka mitini. "Rafu! Hiyo ni rafu!" Watu wakaanza kuingia uwanjani. Homugadi mmoja akainua bunduki, hakumwelekezea mtu, aliinua tu. "Muda umekwisha," alisema. "Kila mtu kwake."

Tukaenda kila mtu kwake. Ninyi mliozaliwa baadaye hamjui adha ya kutawanywa hoja ikiwa bado mdomoni. Jioni ile hakuna aliyeruhusiwa kumtembelea jirani, kwa hiyo kila nyumba ilibishana peke yake. Mimi nilikuwa nikiishi peke yangu. Nilibishana na sufuria.

Mahali pekee ambapo watu wengi waliweza kusimama pamoja bila kuulizwa ni foleni ya faktori, kila mmoja na kikapu chake cha kahawa mbivu. Jumatano iliyofuata foleni ile ikawa bunge. Mmoja alisema rafu ni chochote kinachomwangusha mtu. Akajibiwa kwamba basi hata matope ni rafu. Mzee mmoja aliyeendesha mashine ya kumenya kahawa akasema rafu ni jambo ambalo huwezi kumfanyia shemeji yako mbele ya watu, na wengi wakaona hapo amesema. Ndipo lori likaingia.

Dereva angeweza kubaki ndani. Angeweza kupakia magunia na kwenda zake, kwa maana hakuwa na deni la maneno kwetu. Alizima injini, akashuka, akavua kofia.

"Nasikia mna kesi na mimi," alisema.

Walimvamia kwa maneno. Uliwaleta kwa lori lako. Ulikula nao njiani. Yeye akainua kiganja.

"Mmoja mmoja, ndugu zangu. Nitawasikia wote."

Na kweli aliwasikia wote, akiwa amesimama juani, saa nzima. Kisha akasema, "Kuwaleta niliwaleta. Lakini sheria inaruhusu kumsukuma kipa aliyeshika mpira. Mkinionyesha kwamba hairuhusu, nitawaomba radhi hapa hapa."

Macho yote yakanigeukia. Mimi ndiye niliyesoma. "Mwarimu," mzee wa mashine akaniambia, "tafuta hicho kitabu."

Nilikipata kwa mwalimu mkuu, kijitabu chembamba cha Kiingereza kilichokuwa chini ya mguu wa kabati lililopinda. Jumatano ya pili nilikisoma mbele ya foleni, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Ilikuwa kama alivyosema: kipa akiwa na mpira anaweza kusukumwa kwa bega. Watu waliguna. Nikaendelea, kwa sababu kulikuwa na mstari mwingine chini yake. Isiwe kwa ukatili. Na isiwe kutoka nyuma, isipokuwa kama anayesukumwa anamzuia mpinzani kwa makusudi.

"Basi," dereva akasema taratibu. "Mimi niliona bega. Nilikuwa upande wa kushoto, nikaona bega limegusana na bega."

Hapo mwanamke aliyekuwa akiuza uji pale faktori akaweka kibuyu chini. Mumewe alikuwa kizuizini mwaka wa pili, na kwa sababu hiyo watu walimsalimu kwa haraka na kumpita. Hakuwahi kugusa mpira maishani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alikitumia mwenyewe, hakuniomba nimtafsirie.

"Hapana bega," alisema. "Mgongo. Yeye nageuka, huyu nakuja, napiga mgongo."

Wanaume kadhaa wakacheka. Mmoja akamwambia arudi kwenye uji wake. Dereva hakucheka. Alimkaribia hatua mbili, si zaidi, akamuuliza kwa heshima ambayo sijaisahau:

"Mama, siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu upande wa shule. "Nyuma ya goli. Homugadi nasema wanawake kaa huko."

"Ulikuwa karibu?"

"Karibu sana. Uji yangu karibu namwagika."

"Twende ukanionyeshe," dereva akasema.

Ni lazima nieleze kwa nini jambo hilo dogo lilinigusa hivyo. Ilikuwa miaka ambayo mtoa habari wa serikali, aliyefunikwa gunia usoni asijulikane, aliweza kuinamisha kichwa mara moja, na mwingine akapandishwa gari asirudi. Hakuna aliyemuuliza yule wa gunia alisimama wapi, wala aliona nini. Mwanamke huyu alilijua hilo kuliko sisi sote. Na sasa mtu mwenye mamlaka, hata kama ni ya filimbi tu, alikuwa akimuuliza kwa sababu alitaka kujua.

Uwanja ulikuwa karibu, ng'ambo tu ya barabara. Tulienda watu wanne, ili tusionekane mkutano: dereva, mwanamke, kipa, na mimi. Mwanamke akasimama nyuma ya goli. Kipa akashika jiwe badala ya mpira. Mimi nikawa mshambuliaji.

"Wewe geuka," mwanamke akamwambia kipa. "Hapana. Zaidi. Wewe nataka kutupa ule upande. Sasa wewe, mwarimu, kuja."

Nikaja. Nilimgusa kipa chini ya shingo, katikati ya mgongo. Dereva alikuwa amesimama kushoto, mahali pale alipokuwa siku ya mechi. Akatuomba turudie. Tukarudia. Akaenda nyuma ya goli, akasimama kando ya mwanamke, akatuomba mara ya tatu.

"Kutoka kule naona bega," alisema. "Kutoka hapa naona mgongo. Wewe ndiye uliyeona, mama. Mimi nilikosea."

Tuliporudi alisimama mbele ya foleni na kuwaambia vivyo hivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Hakusema jua lilimpiga machoni. Hakumlaumu mtu. "Goli lilikwisha kuhesabiwa na siwezi kulirudisha," alisema. "Lakini halikuwa goli. Mama huyu ameona sawasawa, mimi niliona vibaya. Mechi ya marudiano tafuteni refarii mwingine."

Nilitegemea shangwe, maana tulikuwa tumeshinda kesi. Mzee wa mashine akafuta mikono.

"Refarii mwingine wa nini?" alisema. "Huyu sasa ndiye tunamjua."

Wote wakakubali. Yule aliyemwambia mwanamke arudi kwenye uji alinunua bakuli, akalinywa lote amesimama mbele yake, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha.

Marudiano yalifanyika Kanja baada ya mavuno. Mwanamke aliomba kibali cha kwenda pamoja nasi, akanyimwa. Mke wa mtu aliyezuiliwa hakusafiri. Tulikwenda bila yeye. Dereva alichezesha mechi ile huku akikimbia kama kijana, kila mpira wa juu ukipigwa yeye yuko karibu na goli, na aliweka mtu mmoja nyuma ya kila goli wa kumuuliza. Tulitoka sare, na Kanja nao walikuwa na la kulalamikia: mpira uliomgusa beki wetu mkononi.

Baada ya mechi tulikula viazi vitamu vya kuchemsha pamoja nao. Yule mnene wa zahanati akaja kuketi karibu na kipa wetu.

"Siku ile nilikupiga mgongoni," alisema. "Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Filimbi ilikuwa imelia. Nikasema refarii ameona kuliko mimi."

Kipa akamtazama, akammegea kiazi, yakaisha.

Jumatatu nilipitia faktori kabla ya kengele ya shule, nikitembea haraka kwa hamu ya kumpelekea yule mwanamke habari hiyo. Nilimsimulia yote kwa Kimeru, neno kwa neno. Nilidhani atafurahi, au atalia, au atasema si niliwaambia. Alikoroga uji wake.

"Hiyo niliimaliza zamani," alisema. "Niambie hii ya mkono. Mkono ulikuwa umenyooka, au ulikuwa mwilini?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama mbali. Akanitazama kwa masikitiko, akaniambia basi nikae kimya mpaka Jumatano, dereva aje.