Mkanda Mwekundu Begani mwa Mwalimu Heng

Ncha za vidole vya mkono wa kushoto wa Heng Bak Siah zilikuwa ngumu kama kwato. Hiyo ilikuwa kazi ya zeze. Alianza kulipiga akiwa na miaka tisa kwao Theng-hai, Uchina, na alipofika kwetu Bukit Mertajam, ng'ambo ya bahari, mwaka 1984 alikuwa na miaka thelathini na moja, sanduku moja la nguo, na mazeze matatu aliyoyafunga kwa blanketi kama watoto wachanga. Alikuja kwa mkataba wa miaka miwili. Akakaa ishirini na saba.

Kundi la michezo ya kuimba lililomleta lilikuwa la Bi Teo Gek Eng, mjane aliyerithi jukwaa, lori na madeni yasiyoandikwa popote kutoka kwa mumewe. Mimi nilikuwa mfunga masanduku ya mavazi wa kundi hilo. Ninayoyasema hapa niliyaona, na nisiyoyaona aliniambia mwenyewe.

Katika michezo yetu ya kuimba, sisi Wateochiu, Wachina wenye asili ya huko kwao Heng, zeze dogo la nyuzi mbili ndilo mkubwa wa nyumba. Ngoma inaamuru miguu, zeze linaamuru koo. Mwimbaji akipanda juu mno, zeze linamteremsha taratibu, kama mtu anayemshika bibi mkono kwenye ngazi. Heng alijua kuteremsha hivyo. Waimbaji wa makundi mengine walikuwa wakisema kwamba mbele ya Mwalimu Heng hata mwenye mafua anaimba.

Mzee Chua, mpiga ngoma wetu, hakukubali kumsifu. Kila siku alimwambia kwamba zeze lake linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Heng alikuwa akiendelea kupaka utomvu mkavu kwenye uta wake, bila kuinua kichwa.

"Linakusikia wewe unavyopiga hiyo ngoma, Chua. Hata paka angelia."

Tulizunguka naye kutoka Perlis kaskazini mwa nchi yetu hadi Johor kusini, tukavuka mpaka hadi Hat Yai, hekalu kwa hekalu. Alilala nyuma ya jukwaa, kwenye kitanda cha turubai, miguu yake ikigusa sanduku la taji za wafalme. Hakuoa. Alisema mwanamke gani atakubali kuolewa na mtu anayelala na wafalme. Kwao alirudi mara nne tu kwa miaka yote hiyo, kwa sababu siku ambazo watu huenda makwao ndizo siku ambazo miungu inataka kuchezewa michezo. Mama yake alikuwa anatunzwa na dada yake Soi Kim, aliyeolewa mtaa wa pili tu.

Kisha mambo yakapungua. Vijana waliingia viwandani. Mpiga zeze wetu wa pili aliacha akaenda kuuza simu. Viti mbele ya jukwaa vikabaki na wazee na mifuko yao ya karanga. Mwaka 2011, mwezi wa pili wa kalenda yetu, tuliitwa kucheza siku saba katika siku ya kuzaliwa kwa Babu wa Ardhi, mungu wa hekalu moja hapo kwetu. Kamati ya hekalu ilimwambia Bi Teo waziwazi kwamba wanakamati wengi wanataka wasichana wa kuimba na kinanda cha umeme. Mwaka huu tukitetereka, mwaka ujao tusitarajie kuitwa. Na hekalu hilo ndilo lililokuwa mkate wetu. Tulikuwa watu ishirini na wawili.

Siku moja kabla ya kuanza, asubuhi, nilikuwa natundika pazia la nyuma. Heng akaja akanishika mkono, akanipeleka upande wa pili wa lori.

"Mama amekwenda," akasema. "Alfajiri. Soi Kim amenipigia."

Nilianza kusema yale mtu anayosema. Akatikisa kichwa.

"Usimwambie mtu."

Hapo ndipo nilipoelewa anachotaka kufanya, nikaogopa. Kwetu mtoto aliyefiwa na mzazi hamkaribii mungu kwa siku arobaini na tisa. Haingii hekaluni, hanyoi ndevu, havai chekundu, na muziki ndiyo kabisa. Kumpigia mungu zeze kwenye siku yake ya kuzaliwa ukiwa na msiba mbichi ni kummwagia maji machafu mlangoni. Hakuna mtu wetu asiyelijua hilo. Bi Teo angejua, angemwondoa Heng saa ile ile.

Nikamwambia aende kwao, ndege ya jioni ipo. Akaniuliza zeze atapiga nani, mimi? Mimi hata filimbi ya polisi inanishinda.

"Watu ishirini na wawili," akasema, kwa sauti ya mtu anayepima mchele. Akarudi kukaza nyuzi.

Mchana Soi Kim alipiga tena. Simu ya Heng ilikuwa ya zamani, yenye sauti kubwa, na nilikuwa karibu. Alisema mama atatolewa kuzikwa baada ya siku tatu, na mtoto wa kiume ni Heng peke yake. Nani atatangulia na picha ya mama mbele ya jeneza?

"Mwanao ashike," Heng akasema.

"Mwanangu ni wa ukoo mwingine, Siah. Roho ya mama haitamfuata."

Heng akaomba wamngoje siku saba. 

"Mama si mchezo wa kuahirishwa," Soi Kim akasema, akakata simu.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilimkuta mbele ya kioo cha waigizaji ananyoa ndevu. Alijikata mara mbili. Mfiwa angeziacha zikue, na yeye alikuwa anazitafuta hata zile za chini ya kidevu ambazo siku nyingine alizisahau. Kisha tukaenda hekaluni wote kusujudu kabla ya kazi. Mzee Goh wa kamati ndiye anayewavisha wapiga muziki mkanda mwekundu wa kitambaa, kutoka begani hadi kiunoni. Alipofika kwa Heng akarudi nyuma kidogo akamtazama.

"Mwalimu, umekonda. Mke hakupi chakula?"

Watu wakacheka, maana wote walijua hana mke. Heng naye akacheka. Akainamisha shingo, mkanda ukapita, na nikaona ameuma midomo kwa ndani kama mtu anayepigwa sindano.

Kila mchana, kabla ya mchezo mkubwa, kuna kimchezo kifupi cha baraka. Malaika wa kike anashuka kutoka mbinguni, anamkabidhi mtoto wake kwa baba wa mtoto huyo, kisha anarudi juu asionekane tena. Mtoto ni mwanasesere aliyevikwa nguo za hariri. Malaika akifika ukingoni mwa jukwaa zeze linapiga mkato mmoja wa kilio, kipande kifupi tu, mara nne, anamtoa mtoto, basi. Heng aliupiga mkato huo maisha yake yote, nadhani hata usingizini.

Siku ya tatu ndiyo siku waliyokuwa wanamtoa mama yake. Malaika akafika ukingoni. Zeze likapiga mara nne. Likapiga ya tano. Mwigizaji akabaki na mwanasesere mikononi, hajui amtoe au amrudishe. Ya sita, ya saba. Chua akamtazama Heng, fimbo zimesimama hewani. Heng alikuwa amefumba macho. Mpaka Chua alipoipiga ngoma kwa nguvu ndipo zeze lilipokoma, na malaika akaenda zake mbinguni nusura akimbie.

Baadaye Chua alimfuata. "Mwalimu, ungeendelea kidogo, mtoto angeota meno."

Heng akamwambia amzoee, uzee umefika. Wale wazee wa karanga walisema tangu wazaliwe hawajasikia zeze likipigwa hivyo. Bibi mmoja aliniletea machungwa nimpe Heng. Nilimpa, akayaweka juu ya sanduku la taji, hakuyala. Hakuwa anakula chochote isipokuwa uji.

Siku ya saba kamati ilimwita Bi Teo na kumwambia mwaka ujao aje tena. Bi Teo alitoka huko anafuta macho kwa leso. Alitushika mikono mmoja mmoja, na Heng akamshika kwa mikono miwili.

Asubuhi iliyofuata Heng aliukunja ule mkanda mara nne, akaenda kumpigia magoti Bi Teo pale alipokuwa anahesabu mavazi. Nilikuwepo kwa sababu mavazi yalikuwa mikononi mwangu. Alimweleza yote, hakuficha hata kunyoa. Bi Teo akaketi juu ya sanduku.

"Mama yako amekufa, na mimi nilikuwa nakuuliza kama chai ina sukari," akasema. Akalia kwanza kwa ajili ya mama yule, ambaye hakuwahi kumwona. Alipomaliza sauti ilikuwa nyingine. "Ungeniambia. Ningemwita yule mzee mpiga zeze wa Hat Yai, angefika kwa basi siku hiyo hiyo."

"Anatetemeka mikono, Bi Mkubwa. Angetuharibia."

"Miungu imesikia mazeze ya kutetemeka kabla hujazaliwa, Siah."

 Miaka ishirini na saba nilimjua Heng, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Bi Teo hakuweza kwenda kuiambia kamati, ahadi ya mwaka ujao ingekufa. Na kumweka Heng hakuweza pia. Alisema gari likipasuka gurudumu, mtoto wa mwigizaji akipata homa, yeye atajua sababu, na hataweza kumwambia mtu. Siku zako arobaini na tisa zikiisha, akamwambia, usirudi kwangu. Hakumfokea. Alimfungia mikate ya mvuke ya kula njiani, sita, mitatu yenye nyama akaitoa akaweka mitupu, kwa sababu mfiwa hali nyama.

Nilimsindikiza hadi kwao. Miguu yangu haijawahi kukataa safari, na sikutaka aende peke yake.

Huko Theng-hai mtoto aliyechelewa kumzika mzazi haingii nyumbani kwa miguu. Anapiga magoti pale kichochoro kinapoanzia na kutambaa hadi mlangoni. Heng alinipa blanketi lake la mazeze, akashuka chini. Alikuwa na miaka hamsini na minane na kichochoro kilikuwa kirefu, cha mawe. Majirani walitoka milangoni. Mwanamke mmoja mwenye beseni akamuuliza mwenzake kama huyo ndiye yule wa ng'ambo, mwenzake akasema ndiye, amekuja kula makombo ya matanga. Hawakupunguza sauti.

Soi Kim alikuwa amesimama kizingitini na nguo ya gunia ya mfiwa mkononi. Hakuja kumpokea. Alimwacha atambae. Lakini Heng alipofika kwenye mtaro, goti moja likakataa, akabaki pale ameegemea mkono. Soi Kim akateremka ngazi, naye ana miaka sitini na mitatu, akapiga magoti kando yake. Wakatambaa pamoja kipande kilichobaki, polepole, bila kutazamana.

Mlangoni walikaa hivyo hivyo chini, wakihema. Nilitegemea Soi Kim amlaumu. Aliuliza kitu kingine.

"Watu walikuja kukusikiliza?"

"Siku ya mwisho walikuwa wazee tisa."

Soi Kim akamkung'uta vumbi magotini kwa kiganja.

"Mama angekuwa wa kumi," akasema.

Heng akaweka paji la uso kwenye kizingiti. Dada yake alimsubiri mpaka alipomaliza kulia, kisha akamvisha lile gunia. Kati ya zile siku arobaini na tisa zilikuwa zimebaki thelathini na nane.