Kichwa Chini, Mguu Juu

Juzi hapa Lodwar nilimtazama muuguzi wa vidonda akimfunga mfugaji mmoja mzee bandeji ya kubana, kuanzia vidoleni hadi gotini. Mzee alikuja akiogopa kukatwa mguu, ila kidonda chake sugu kilikuwa kifundoni tu.

"Sista, kidonda iko huku. Mbona unafunga mguu yote?"

"Damu imelala chini, mzee. Tunaisukuma ipande. Na ukilala, ekicholong yako weka chini ya mguu."

Mzee alikipakata kigoda chake hicho, ambacho hukilalia kama mto. "Na kichwa?"

"Kichwa kilale chini."

Alikipapasa, kisha akakijaribisha chini ya shavu la mguu.

Nikajiuliza: kati ya wakubwa wetu wapya wa kaunti, nani atakubali kichwa kishuke ili mguu upone?