Mbuzi Aliyechinjiwa Kwenye Haradali

Nilipokuwa mtoto wa kubeba mtungi wa lita tano, nilimwona baba mkubwa akimwagia shamba letu mavi ya mbuzi ambayo hata hayajatoka. Hadi leo harufu ile ikinijia natema mate.

Tuliishi Kieni, nje kidogo ya Chaka, mahali ambapo mvua huonekana ikinyesha mlimani na kuishia hukohuko. Baba alikuwa amefariki. Kwenye nusu ekari aliyoacha, mama alipanda haradali, kwa kuwa mbegu zake za kukamua mafuta zilikuwa na soko Nyeri. Alizitawanya kwa mkono kama kila mtu, na miche ikaota imebanana, myembamba, ya manjano. Kuipunguza hakuthubutu. Kwetu iliaminika kwamba anayeng'oa mche ulio hai anaita kifo nyumbani, na kifo kilikuwa kimekwisha kutujia mara moja.

"Hii shamba iko na thahu," baba mkubwa akasema, yaani laana. "Na ni wewe uliileta, mama Wanjiku. Tuchinje mbuzi. Ikikataa kupona, urudi kwenu. Shamba ni ya ndugu yangu."

Mbuzi alikuwa wetu, tena wa pekee. Akamchinjia katikati ya haradali. Yeye na wenzake walikanyaga miche ovyo, wakatandaza majani ya kuwekea nyama, wakala mpaka mafuta yakawatiririka viwikoni. Kisha akachota uchafu wa tumboni mwa mbuzi, wa kijani, ungali ukitoa mvuke, akaumwaga palepale na kujifuta mkono kwenye suruali. Sisi wenye mbuzi tuliachiwa kwato.

Baada ya wiki chache, miche iliyonusurika pale walipokaa ikanenepa, ikatoa majani mapana. Kwingine ilizidi kunyauka. Baba mkubwa alikuja akachekelea.

"Si mnaona? Sasa tafuteni mbuzi ingine, tumalizie hii upande ingine."

Alipoondoka, mama aliinua yale majani makavu ya karamu, akagusa udongo. "Kuja uguse," akaniambia. Ulikuwa na unyevu, na miche iliyobaki baada ya kukanyagwa ilikuwa imeachana.

Asubuhi iliyofuata akaanza kung'oa miche, akiacha nafasi ya unyayo wake kati ya mmoja na mwingine. Nililia, nikijua atakufa.

"Nikikufa, nitakufia kwangu," akasema. "Leta samadi."

Tulitia samadi, tukafunika udongo kwa nyasi kavu. Mama hakufa. Nusu ekari yote ilichanua, na bado ni yake.

Baba mkubwa naye, kila penye arusi au matanga, husimulia jinsi "mbuzi yake" ilivyotuokoa. Mimi humnawisha mikono, kama inavyompasa mzee, nikitazama kando. Zamani nilidhani kinachonitia kinyaa ni yale mavi. Lakini mavi yale angalau yalilisha haradali.