Betri Zilizoanikwa na Omena

Jumamosi moja mwaka 1996, Nyakerario, binti wa muuza vitunguu wa Migori, alitoka kanisani akakuta betri za kompyuta yake zimeanikwa juani uani, juu ya wavu, katikati ya omena, dagaa wa ziwani.

"Mama, hizi zimefikaje hapa?"

"Si jana ulilalamika zinaisha nguvu?" Filister, mwenye nyumba wake hapo Muhuru Bay, alijibu kwa furaha. "Za redio tunaanika hivyo, zinaamka tena."

Woi! Hata ile ndogo ya akiba, bapa kama kifungo, alikuwa ameing'oa. Nani alimtuma? Lakini utamgombezaje mtu aliyekutendea wema? Nyakerario aliketi juu ya ndoo.

Kompyuta hiyo ya kiganjani ilikuwa ya mradi wa afya ya watoto, wenye ofisi Homa Bay. Wiki tatu alizunguka nayo nyumba kwa nyumba akiwauliza akina mama: umezaa wangapi, walio hai ni wangapi, aliyekufa aliugua nini. Kumbukumbu ya ndani ya mashine, wanayoiita RAM, hushika mambo maadamu ina umeme. Ukiukata, husahau yote. Alirudisha betri akaiwasha, Sabato au si Sabato. Ikamuuliza leo ni tarehe ngapi. Ndani hamna kitu, nyeupe pe!

"Majibu yamepotea, Mama. Huenda nikawauliza wote upya."

Filister ndiye aliyehojiwa wa kwanza, na ilimchukua asubuhi nzima kueleza jinsi Dishon, kitinda mimba wake, alivyokata roho mapajani mwake kwenye foleni ya zahanati.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "ile ya Dishon siwezi kuisema tena. Andika tu sikumzaa."

Maneno hayo yalimchoma Nyakerario kuliko hofu ya kufutwa kazi. Hapo ndipo alipokumbuka kadi ya flash. Hiyo ni kumbukumbu ya namna nyingine: kilichoandikwa humo hubaki hata bila betri, hata ukiitia mfukoni mwezi mzima. Kila Ijumaa, kabla jua halijazama, alinakili kazi yote humo. Lakini jana alikuwa mbioni kuwahi kuoga kabla Sabato haijaingia. Majibu ya wiki hii aliyanakili, au alifunga mashine tu? Aliitoa kadi mkobani, akaichomeka.

Majina yakaanza kujipanga.

"Yapo! Mama, yapo yote!" Alicheka huku machozi yakimtoka. Jamani, raha gani hiyo!

"Na Dishon?"

"Huyu hapa." Nyakerario aliweka kidole chini ya jina. Filister hakujua kusoma, lakini aliinama akalitazama kwa muda mrefu.

"Hatapotea tena?"

"Hapotei, Mama. Betri ziwepo, zisiwepo."

Filister alishusha pumzi, akajifuta uso kwa leso. "Kuna kitu sikukuambia siku ile. Alikuwa anajua kupiga mluzi. Miaka minne tu, na anapiga mluzi! Ongeza hiyo."

Fomu ya mradi haikuwa na nafasi ya mluzi. Nyakerario aliuandika.