Watoto wa Wavunaji na Mlango wa Shule

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chai hainishuki. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Bungoma kuja kuvuna mahindi karibu na Kitale. Desturi ya huku unaijua: mama anavuna, watoto wanafuata nyuma wakiokota mahindi yaliyodondoka, na wanachookota ni chao. Mwenye shamba huona amewafanyia wema mkubwa.

Mama alikataa. Alininawisha uso akanipeleka shule iliyopakana na shamba. Mwalimu mkuu hakutupa hata kiti.

"Mama, hawa watoto wa vibarua wakishazoea darasa, mahindi yanaisha, wanapotea. Wataniharibia matokeo."

"Mahindi yakiisha, mwalimu, huyu naye ataisha?"

"Rudi naye Bungoma."

"Bungoma nimefunga nyumba. Nimwachie nani, kuku?"

Walimu walicheka. Mama hakucheka. Nikarudi kuokota mahindi, na mwaka uliofuata vivyo hivyo, mpaka wa rika langu wakaniacha mbali, nikaona haya kukaa na watoto wadogo. Shule yangu iliishia hapo.

Usinihurumie! Mashine za kupukuchua mahindi zinazonguruma huku Kachibora ni zangu mimi, na hakuna aliyenishika mkono. Ukiona trekta inapita na vumbi lake, toa kofia. Lakini barua ikija kutoka benki, mimi huyu mkubwa namngoja binti yangu arudi anisomee. Hilo silisemi kwa furaha.

Sasa juzi tulikuwa na kikao cha kamati ya shule. Mama mmoja kutoka Webuye, anayemvunia jirani yangu, alikuja kuomba bintiye Nekesa apokelewe gredi ya sita asipoteze muhula mzima. Mwenyekiti wetu, kijana msomi mwenye shamba kubwa, hakumwacha amalize.

"Hao ni wa kupita tu, bana. Si waokote mahindi? Wanafaidika!"

Niliinuka mpaka kiti kikaanguka.

"Wewe ulisoma wapi?"

"Si hapa hapa, mzee."

"Na mahindi ya babako yaliyokulipia karo, yalivunwa na nani?"

Akaanza kupanga karatasi zake.

"Basi nisikilize. Mashine yangu haikanyagi shamba la mtu yeyote wa kamati hii mpaka huyo msichana akae darasani. Yeye na wenzake wote walioko mashambani."

"Mzee, mvua iko karibu! Mahindi yataoza!"

"Yaokoteni."

Kesho yake Nekesa alikuwa darasani. Wenzake wengine waliketi sakafuni, maana madawati hayakutosha, na hilo nalo nitalifuata. Lakini hasira yangu haijatulia, kwa sababu walifungua mlango wakihofia mahindi. Mtoto hawakumwona.

Wewe unayerithi shamba kesho, ukimwita mama aje avune, umewaita na watoto wake. Kabla hujamwonyesha mstari wa kuanzia, muulize mtoto yuko gredi gani. Halafu mpeleke shule wewe mwenyewe, kwa miguu yako, kwani wewe hawatakufungia mlango.

Mungu akupe mvua wakati wa kupanda na jua kali wakati wa kuvuna, ghala lako lijae. Ila siku utakayomwacha mtoto wa kibarua wako nje ya darasa, ujue baraka hii nimeshaiondoa kwako.